Karatasi ya Kipimo: Jinsi Daktari wa Upasuaji na Daktari wa Radiolojia Wanavyotambua Matatizo ya Vipandikizi vya Matiti

Mgonjwa anapotumwa na daktari kwenda chumba cha eksirei au cha ultrasaundi, hupewa karatasi moja aipeleke. Wengi wetu huikunja, tukaitia mkobani, na tukaikabidhi mlangoni bila kuisoma. Karatasi hiyo ni barua ambayo daktari mmoja anamwandikia mwenzake, na mara nyingi ndiyo mazungumzo pekee watakayofanya wawili hao kuhusu mgonjwa huyo. Barua ikiwa ya maneno mawili, jibu lake nalo huwa la kubahatisha.

Katika toleo hili tunaeleza jambo hilo kwa kutumia tatizo ambalo si la kila siku katika kata zetu, lakini linapofika huwapa madaktari kazi ngumu, nalo ni matatizo ya vipandikizi vya matiti. Tumelichagua kwa sababu udhaifu wa mawasiliano huonekana wazi zaidi hapo kuliko katika maradhi mengine mengi. Aidha, mengi yanayomhusu mwanamke mwenye kipandikizi yanamhusu vilevile yule aliyejipapasa nyumbani akakuta uvimbe.

Tuanze na neno lenyewe, maana limekwisha kuleta mkanganyiko. Katika zahanati na vituo vya afya vyetu, mtu akisema "kipandikizi" watu huelewa vile vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Makala haya hayazungumzii hivyo. Kipandikizi cha titi ni mfuko laini wenye ganda la silikoni, ambao ndani yake mna jeli ya silikoni au maji ya chumvi, na ambao huwekwa kifuani kwa upasuaji. Wako wanaowekewa ili kuongeza ukubwa wa matiti, na wako wanaowekewa baada ya titi kuondolewa kwa sababu ya saratani. Ndugu zetu waliofanyiwa hivyo huenda walipata huduma hiyo katika hospitali za mijini au nchi za nje, kisha wakarudi nyumbani. Miaka ikipita na maumivu yakianza, mlango wa kwanza wanaobisha ni wa kituo cha afya cha kata, ambako hakuna anayejua ni nini kilichowekwa wala lini. Kwa hiyo mwanamke mwenye kipandikizi cha titi na aseme "cha titi" waziwazi, na muuguzi naye aandike hivyo hivyo. Neno "kipandikizi" likiachwa peke yake katika faili, daktari atakayelisoma anaweza kufikiri mkono.

Vipandikizi vya silikoni si vitu vipya. Mwanamke wa kwanza kuwekewa alipasuliwa mjini Houston, Marekani, mwaka 1962, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Tangu wakati huo vimetengenezwa kwa namna nyingi: vyenye ganda nene na vyenye ganda jembamba, vyenye ngozi laini na vyenye ngozi ya kukwaruza, vyenye chumba kimoja na vyenye viwili. Mwaka 1992 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilizuia matumizi ya kawaida ya vile vya jeli, ikayaruhusu tena mwaka 2006. Huko Ufaransa, mwaka 2010, iligundulika kwamba kampuni ya PIP ilikuwa ikijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani badala ya ile ya tiba. Vilikuwa vimekwisha kuuzwa katika nchi nyingi, na mwenye kampuni alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Historia hii tunaitaja kwa sababu ya vitendo: mwaka wa upasuaji na jina la mtengenezaji humwambia daktari wa picha mengi kabla hajawasha mashine.

Mambo ambayo picha haiwezi kuyasema

Watu wengi huamini kwamba mashine huona kila kitu, na kwamba kumweleza mpiga picha historia ya ugonjwa ni kumpotezea muda. Wako hata wanaoficha kwa makusudi, wakitaka kuona kama mashine itagundua yenyewe. Huo si mtihani wa haki. Picha ni kivuli, na kivuli kimoja kinaweza kuwa cha vitu viwili tofauti.

Tumchukulie, kwa mfano, mwanamke aliyewekewa kipandikizi cha jeli, kikapasuka baada ya miaka kumi na mitano, kikatolewa na kuwekwa kipya. Daktari wa upasuaji hawezi kuifuta silikoni yote iliyokwisha kupenya katika nyama. Mabaki kidogo hubaki. Miaka mitano baadaye anapata maumivu, anatumwa kupigwa picha, na karatasi inasema "maumivu ya titi" basi. Daktari wa radiolojia anaona kipandikizi, anaona silikoni nje ya kipandikizi, naye anaandika lililo mbele ya macho yake: kipandikizi kimepasuka. Mwanamke anapasuliwa upya, na kipandikizi kinatolewa kikiwa kizima kabisa. Ripoti haikuwa ya uzembe. Sentensi moja tu, "cha kwanza kilipasuka, hiki ni cha pili", ingemwepusha mama huyo na kisu.

Hali kama hiyo hutokea kwapani. Silikoni iliyovuja husafiri hadi kwenye tezi za kwapani na kuzivimbisha. Saratani ya titi nayo husafiri hadi kwenye tezi hizo hizo na kuzivimbisha. Mwanamke aliyewahi kuugua saratani, akawekewa kipandikizi baada ya titi kuondolewa, akivimba kwapani, swali ni zito: ugonjwa umerudi, au ni jeli? Katika ultrasaundi, silikoni iliyoingia katika tezi huonyesha weupe wa ukungu unaofunika kila kilicho nyuma yake, ambao wataalamu wameulinganisha na dhoruba ya theluji. Daktari aliyearifiwa kwamba kuna kipandikizi ataitafuta alama hiyo, ingawa hata akiiona, historia ya saratani inaweza kumlazimu aombe kipande cha tezi kichukuliwe kwa sindano na kupelekwa maabara. Daktari asiyearifiwa ataona tezi isiyo ya kawaida, na familia nzima italala na neno "saratani" kwa wiki kadhaa.

Kuna pia mikunjo. Ganda la kipandikizi kizima hujikunja ndani kama kitambaa, na mikunjo hiyo huonekana katika MRI kama mistari myeusi. Ganda lililopasuka likaporomoka na kuelea ndani ya jeli nalo huonekana kama mistari myeusi, mirefu na yenye kupindapinda, ambayo madaktari wa radiolojia duniani kote huiita alama ya tambi. Tofauti ipo: mkunjo huanzia ukingoni, na daktari huweza kuufuata hadi ulipoanzia. Hata hivyo kipandikizi cha vyumba viwili, ambacho kwa kawaida yake kina ganda ndani ya ganda, kinaweza kumpoteza hata mjuzi. Aliyekiweka au aliyewahi kukiona anajua. Daktari wa radiolojia hajui mpaka aambiwe.

Hapa inafaa kusema kwamba kupasuka kwa kipandikizi cha jeli mara nyingi hakuna dalili. Mwili hujenga utando wake wa kovu kukizunguka kipandikizi, na jeli ikitoka katika ganda huzuiliwa na utando huo. Titi hubaki na umbo lile lile, wala mikono ya daktari haihisi kitu. Ndiyo sababu mamlaka ya Marekani hupendekeza wanawake wenye vipandikizi vya jeli wapimwe kwa ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3, hata wasipougua. Cha maji ya chumvi hakina siri hiyo. Kikitoboka, titi hunywea, maji hunyonywa na mwili bila madhara, na mara nyingi hahitajiki mtu wa kupiga picha ili kuthibitisha. Mwanamke asiyejua ni kipi alichowekewa anaweza kulipia kipimo cha gharama kubwa kwa jambo ambalo lilionekana kwa macho.

Swali lisiloandikwa

Katika karatasi ya maombi pana sehemu ya historia ya mgonjwa, na pana sehemu ya swali ambalo daktari anataka lijibiwe. Ya pili ndiyo inayoachwa tupu zaidi, nayo ndiyo yenye gharama kubwa kwa mwananchi.

Kipimo cha MRI cha titi si kimoja. Kama swali ni "je, kipandikizi kimepasuka?", mashine hupangwa itenganishe silikoni na maji na mafuta, wala mgonjwa hadungwi dawa yoyote mshipani. Kama swali ni "je, kuna saratani?", ni lazima adungwe dawa ya kung'arisha picha, na mashine hupangwa kwa namna nyingine. Karatasi ikisomeka "MRI ya matiti" bila zaidi, mpiga picha atachagua moja. Akichagua isiyo yake, ripoti itatoka safi, yenye muhuri na saini, ila itakuwa imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mgonjwa aliyesafiri kutoka wilayani hadi Muhimbili au hospitali ya kanda, akalipa nauli na kulala kwa jamaa, atatakiwa arudi tena. Kwa maoni yetu, mstari huo mmoja wa swali una thamani kuliko aya nzima ya historia iliyonakiliwa kutoka faili la zamani.

Lipo pia jambo la hatari ya moja kwa moja. Kabla ya kuwekewa kipandikizi cha kudumu, baadhi ya wanawake walioondolewa titi huwekewa kwanza mfuko wa kutanua ngozi, unaojazwa maji kidogo kidogo kwa miezi. Aina nyingi za mifuko hiyo zina sumaku katika tundu la kujazia. MRI yenyewe ni sumaku yenye nguvu kubwa sana. Mgonjwa mwenye mfuko wa namna hiyo asiingizwe katika mashine mpaka wataalamu wa pande zote mbili wawe wamezungumza na kujua ni mfuko gani. Wafanyakazi wa MRI huuliza maswali mengi mlangoni, juu ya vyuma, risasi, vifaa vya moyo. Wananchi waelewe kwamba hawafanyi hivyo kwa udadisi.

Kwa mashine ya mamografia, ambayo hubana titi ili kupata picha, mhudumu aambiwe kabla ya kuanza, si baada ya kubanwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wapiga picha wana njia ya kusukuma kipandikizi nyuma kuelekea kifuani na kuivuta nyama ya titi mbele, ili nyama ionekane bila kipandikizi kuiziba. Picha huwa nyingi zaidi ya kawaida na kazi huchukua muda mrefu zaidi. Asiyeambiwa atapiga picha za kawaida, na sehemu kubwa ya titi itabaki nyuma ya kivuli cheupe cha kipandikizi. Mwanamke mwenye kipandikizi hajakingwa na saratani ya titi. Yeye pia anahitaji kupimwa kama wenzake.

Majimaji yanayotupwa

Mwaka 1997 iliripotiwa kwa mara ya kwanza saratani adimu ya chembe za kinga iliyoota katika utando unaozunguka kipandikizi. Si saratani ya titi lenyewe. Imehusishwa hasa na vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza, na kwa sababu yake kampuni ya Allergan iliviondoa vipandikizi vyake vya aina ya Biocell katika masoko ya dunia mwezi Julai 2019. Ni ugonjwa wa nadra, na ukigunduliwa mapema mara nyingi hupona kwa kuondoa kipandikizi pamoja na utando wake wote. Dalili yake ya kawaida ni titi moja kuvimba ghafla kwa majimaji, miaka mingi baada ya upasuaji, wakati kidonda kilikwisha kusahaulika.

Mawasiliano hapa ndiyo yenyewe matibabu. Daktari wa radiolojia anaweza kuona majimaji na kuandika tu "kuna majimaji kuzunguka kipandikizi". Majimaji kidogo huweza kuwa ya kawaida, na daktari wa upasuaji mwenye shughuli nyingi anaweza kuisoma sentensi hiyo kama jambo dogo. Anayavuta kwa sindano, mgonjwa anapata nafuu, na majimaji yanamwagwa kwenye ndoo. Ushahidi umekwenda. Kumbe majimaji yaliyojitokeza kwa kuchelewa namna hiyo yanapaswa kupelekwa maabara, na maabara nayo iambiwe inatafuta nini, kwa kuwa kuna kipimo maalumu cha kutambua chembe hizo, nacho hakifanywi bila kuombwa. Wahusika wamekuwa watatu sasa, na yeyote kati yao akinyamaza, mlolongo umekatika. Katika hali kama hii ripoti ya karatasi haitoshi. Daktari wa radiolojia hupaswa kuinua simu.

Lugha ya ripoti nayo ina mitego yake. Daktari wa radiolojia akiandika "kupasuka hakuwezi kukanushwa", yeye anamaanisha kwamba picha haikumwezesha kuamua. Msomaji mmoja ataelewa "huenda kimepasuka, pasua", na mwingine "hakuna kilichoonekana, subiri". Kwa sababu hiyo, katika uchunguzi wa titi wataalamu wamekubaliana kutumia madaraja ya namba, kuanzia 0 hadi 6, kila moja likiwa na hatua yake inayopendekezwa. Daraja la 0 huwashtua wagonjwa wengi wanaolikuta katika ripoti zao, wakidhani ni ushindi au ni maangamizi. Maana yake ni kwamba uchunguzi haujakamilika na picha za ziada, au za zamani za kulinganisha, zinahitajika.

Na mawasiliano hayaishii kwenye ripoti. Daktari wa upasuaji akifungua na kukuta kipandikizi kizima ilhali ripoti ilisema kimepasuka, au kinyume chake, habari hiyo inapaswa irudi kwa aliyeisoma picha. Daktari wa radiolojia asiyeambiwa kilichokutwa ndani hana namna ya kujua kwamba alikosea, naye atakosea vivyo hivyo kwa mgonjwa wa kesho.

Hapa kwetu

Hospitali nyingi za wilaya zina ultrasaundi na eksirei, lakini hazina daktari bingwa wa radiolojia wala MRI. Mgonjwa mwenye tatizo la kipandikizi atapewa rufaa kwenda juu. Hivyo barua husafiri mbali zaidi: daktari aliyeiandika na daktari atakayeisoma huenda hawajawahi kuonana. Mgonjwa ndiye tarishi wao, na tarishi ana haki ya kujua amebeba nini. Kabla ya kutoka chumba cha daktari, ni halali kabisa kusema: "Daktari, samahani, naomba uandike pia kwamba nina kipandikizi cha titi, na kwamba unataka kujua kama kimepasuka." Hakuna utovu wa adabu katika ombi hilo.

Kwa wale wasio na kipandikizi bali uvimbe, nao ni wengi zaidi, saratani ya titi ni ya pili kwa kuwapata wanawake wa Tanzania baada ya saratani ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Karatasi yao pia iseme titi ni la kulia au la kushoto, uvimbe uko wapi, umeonekana lini, na kama kuna wa ukoo aliyewahi kuugua. Madaktari hueleza mahali pa uvimbe kwa kulifananisha titi na uso wa saa. Hapa pana mtego wa Kiswahili wenyewe. Uvimbe ulio juu ya titi la kulia, upande wa kwapa, uko kwenye namba 10 ya saa ya ukutani, ambayo sisi tunaisoma "saa nne". Mtu akiandika saa 4, msomaji atatazama namba 4, yaani chini, upande wa katikati ya kifua, ambako hakuna kitu. Njia salama ni kuandika namba inayoonekana kwenye saa, na kuongeza kwa maneno: juu, karibu na kwapa. Mgonjwa naye, akifika kwenye kitanda cha ultrasaundi, auonyeshe uvimbe kwa kidole chake mwenyewe.

Picha na ripoti za zamani zisitupwe wala zisiachwe mvunguni ziharibiwe na unyevu. Picha ya miaka mitatu iliyopita, ikiwekwa kando ya ya leo, humwonyesha daktari kilichobadilika, na mara nyingi hilo ndilo swali lenyewe.

Aliyewekewa kipandikizi kwa kawaida hupewa kadi ndogo yenye jina la mtengenezaji, namba ya kipandikizi, ukubwa wake na tarehe ya upasuaji. Kadi hiyo ipigwe picha kwa simu, na nakala iwekwe katika faili la hospitali. Iliyopotea inaweza kuombwa upya kwa hospitali iliyofanya upasuaji, kwa barua au kwa simu, ikiwa kumbukumbu zake bado zimehifadhiwa. Isipopatikana, mgonjwa aandike mwenyewe katika karatasi anayoyakumbuka: nchi na mji, mwaka hata kama ni wa kukadiria, kama ni jeli au maji, mara ngapi amepasuliwa, na kama daktari alisema ameweka juu ya msuli au chini yake. Karatasi hiyo ibanwe pamoja na barua ya rufaa.